Lateralus ya Tool: tafsiri ipi inashika, Fibonacci, alkemia au macho ya mtoto?

Gitaa_Bovu
Wakuu, habari za leo. Wimbo ni Lateralus wa Tool, ile bendi ya Los Angeles, kutoka albamu yenye jina hilohilo ya Mei 2001. Una dakika 9 na sekunde 24, na maneno yake yote yanaenea kwenye karatasi moja ya daftari. Sikuja kuusifia. Kila nikikutana na mpenzi wa hii metali ya progresivu, yaani roki nzito yenye mapigo ya kutatanisha, ananipa maana yake na kuapa kwamba ndiyo hiyo. Nimezichuja zimebaki tatu. Tuzishindanishe.

Ya kwanza ni namba za Fibonacci. Kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13. Sasa sikilizeni mwimbaji wao, Maynard James Keenan, anavyokata maneno kwenye ubeti wa mwanzo: mizani 1, 1, 2, 3, 5, 8, halafu anashuka 5, 3. Anaendelea kushuka 2, 1, 1, anapanda tena 2, 3, 5, 8 mpaka 13, kisha anateremka 8, 5, 3. Hiyo si bahati. Kwa hiyo wimbo unahusu mpangilio uliojificha kwenye maumbile, ndiyo maana unaishia kwenye ule msokoto unaofunguka bila kukoma.

Ya pili ni alkemia. Rangi zinazotajwa ni nyeusi, nyeupe, nyekundu na manjano, na wale waliotaka kugeuza risasi kuwa dhahabu walikuwa na hatua nne za rangi hizo. Tena upo mstari wa "kama chini, vivyo juu", yaani umepinduliwa ule msemo wa "kama juu, vivyo chini" wa Hermes, mwanahekima wa hadithi za kale ambaye wanaalkemia walimwona mwalimu wao.

Ya tatu ni mtoto mchanga anavyoanza kuona. Nyeusi na nyeupe kwanza, rangi baadaye. Mwimbaji mwenyewe anataja uchanga wake.

Mimi niko na ya kwanza. Nipingeni kwa hoja.

Kinyozi_Eldo
Nimehesabu mara mbili, imekataa. Neno la kwanza tu lina mizani mbili.

Gitaa_Bovu
Kaka, wewe unalisoma "bleki". Kwa Waingereza hiyo ni silabi moja.

Kinyozi_Eldo
Haya. Mwalimu wangu wa darasa la nne asiuone huu uzi.

Dramu_Kwaya
Napiga dramu kanisani, acha niseme la dramu. Kiitikio kinakwenda 9/8, yaani mapigo tisa, kinakuja 8/8, kinamalizia 7/8, kisha kinarudi mwanzo. Wenyewe walishasimulia kwamba wimbo ulipokuwa haujapewa jina waliuita 9-8-7 kwa sababu ya mapigo hayo, na ndipo ikaonekana kwamba 987 ni namba ya 16 katika mfululizo wa Fibonacci. Ona kilichotangulia hapo. Mapigo yalikuwepo, hesabu ikaja kuyakuta. Huwezi kuniambia wimbo ulitungwa ili kueleza Fibonacci wakati gitaa na dramu zilishafika kabla yake.

Halafu jaribuni kitu. 9 na 8 na 7 ni 24. Gongeni meza manne manne kama wimbo wa kawaida, msiwafuate wao kabisa. Katikati mtaona wamepotea, lakini duru ikiisha mnakutana nao mlangoni. Nimemfundisha kijana wangu wa besi kwa njia hiyo, maana kwa kuhesabu tisa, nane, saba alikuwa anatoka jasho.

Mwl_Fasihi
Namba ya 16? Na mshororo wa tarbia una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Sasa nitaanza kuamini.

Utani pembeni. Gitaa_Bovu, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupigia mstari mwekundu kwenye swali lenyewe. Mizani ni fani. Ulichouliza ni maudhui. Mtahiniwa akiulizwa shairi linahusu nini, akajibu "lina vina vya kati na mizani nane nane", unampa alama ngapi? Fibonacci inanionyesha nyumba ilivyojengwa, hainiambii nani anakaa ndani.

Ila kwa kuwa mmezitaja hizo namba, niwape kisa chake, maana watu hukimbilia lile fumbo la sungura wanaozaana la Leonardo wa Pisa, ndiye huyo Fibonacci, na kitabu chake cha 1202. Kabla yake, mnamo 1150, mwanazuoni wa Uhindi aitwaye Hemachandra alikuwa akihesabu njia za kupanga silabi kwenye mashairi. Silabi fupi ina pigo moja, ndefu ina mawili. Mstari wa mapigo matatu unapangwa kwa njia 3, wa manne njia 5, wa matano njia 8. Chukueni kalamu mhakikishe. Na hata Hemachandra alikuta wenzake wa kale wameshaligusa jambo hilo. Kwa hiyo namba hizi zilikuwa za washairi kabla ya kuwa za sungura na konokono. Maynard amezirudisha kwao tu.

Somo_wa_Pwani
Mwalimu, umetaja konokono. Zile picha za gamba la nautilus, kiumbe wa baharini mwenye gamba la msokoto, wanazobandika chini ya kila mjadala wa wimbo huu zinaniudhi. Msokoto wa dhahabu, ule unaohusishwa na namba za Fibonacci, ukizunguka mara moja kamili unapanuka karibu mara 7. Gamba la nautilus halifiki huko, ni kama mara 3. Zuri, lakini si lile.

Sasa alkemia, ambayo ndiyo niliyotaka ishinde. Neno lenyewe ni la Kiarabu, al-kimiya. Na ule waraka wa Hermes unaoitwa bamba la zumaridi, maandishi yake ya kale kuliko yote yanayojulikana ni ya Kiarabu, ndani ya kitabu Sirr al-Khaliqa. Walatini waliupata baadaye, karne ya 12. Pale panasemwa, kwa maneno yangu, kwamba cha juu kinatokana na cha chini, na cha chini kinatokana na cha juu. Vyote viwili. Kwa hiyo anayesema Tool wameupindua msemo anaijua nusu ya msemo.

Hapo nilikuwa nimeshajipa ushindi, nikaenda kukagua rangi. Ikaniharibikia. Kazi ya alkemia huanza nyeusi, huja nyeupe, huja manjano, humalizikia nyekundu. Nyekundu ndiyo mwisho, ndiyo lile jiwe lenyewe la kugeuza risasi kuwa dhahabu. Kwenye wimbo nyekundu imetajwa kabla ya manjano. Mtu anayejua kazi hawezi kupakua kabla ya kuivisha.

Gitaa_Bovu
Labda mizani ilimbana, dada. Washairi hulazimika kugeuza.

Somo_wa_Pwani
Nimelifikiria hilo. Geuza manjano itangulie, uhesabu kwa Kiingereza. Bado ni 8. Hakuna kilichombana.

Gitaa_Bovu
Nimehesabu. Ni 8 kweli.

NesiWaUsiku
Nipo wodi ya watoto, nilikuwa nasoma kimyakimya. Mtoto mchanga anavutwa na vitu vyenye utofauti mkali, nyeusi dhidi ya nyeupe. Miezi kama miwili hivi anaanza kutenganisha nyekundu na kijani. Kutenganisha manjano na buluu huchelewa zaidi. Sijui chochote kuhusu metali, mume wangu ndiye mgonjwa wa hiyo bendi, lakini mpangilio wa rangi mliouandika hapo juu ni wa mtoto.

Mwl_Fasihi
Dada nesi, umenigusa kwangu. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walitoa kitabu kuhusu majina ya rangi katika lugha za dunia. Hoja yao: lugha yenye majina mawili tu ya rangi huwa na la weusi na la weupe. Ikiongeza la tatu, ni nyekundu. Baada ya hapo ndipo hufuata kijani au manjano. Watu wamewakosoa kwa mengi, lakini tazameni Kiswahili. Tunasema nguo nyeusi, nguo nyeupe, nguo nyekundu. Sifa tatu zinazochukua ngeli. Ukifika ya nne unakwama: nguo ya manjano, na manjano ni kiungo cha jikoni. Nguo ya kijani, tumeazima jani. Ya buluu tumeazima kwa wageni, ya kijivu tumeokota jivu.

Nyeusi, nyeupe, nyekundu, kisha manjano. Umeona? Mimi kura yangu naipa tafsiri ya tatu, na simaanishi jicho peke yake. Anayekua hapo ni mtu mzima anayepata majina ya vitu, kimoja kimoja, kila kipya kikimfungulia vingine. Ndiyo maana mizani nazo zinakua. Hapo fani inabeba maudhui, Gitaa_Bovu, na hapo ningekupa alama zako zote.

Dramu_Kwaya
Kuna wanaodai hata nyimbo 13 za albamu zipangwe upya. Unaanza na ya 6 na 7, kisha 5 na 8, jozi zinazojumlika 13. Nimeusikiliza mpangilio huo wote. Sehemu moja mbili zinaungana kama zilivyotakiwa, kwingine ni kama gari limegonga tuta usiku.

Gitaa_Bovu
Na sauti kuanza dakika ya 1 na sekunde 37? Hiyo ni dakika 1.617, karibu kabisa na uwiano wa dhahabu, 1.618, ambao namba za Fibonacci huukaribia ukigawanya moja kwa iliyoitangulia!

Kinyozi_Eldo
Sasa nimechoka nanyi. Katikati ya wimbo huohuo mwimbaji analalamika kwamba kuwaza kupita kiasi kunatenganisha mwili na akili. Mpo uzi mzima mnahesabu mtu anayewaambia muache kuhesabu. Kwangu hii ndiyo tafsiri ya nne, na imeandikwa wazi, haihitaji bamba la zumaridi. Angalieni hata jina. Danny Carey, mpiga dramu wao, alieleza kwamba wameunganisha mambo mawili: msuli wa paja uitwao vastus lateralis, na kule kufikiri kwa kupitia ubavuni badala ya kwenda moja kwa moja. Paja na akili kwenye neno moja. Mwili na mawazo. Nimemaliza, nina mteja kwenye kiti.

Somo_wa_Pwani
Kinyozi, hiyo hoja ya jina nzito. Lakini aliyekataza kuhesabu mbona amehesabu yeye kwanza, silabi kwa silabi mpaka 13?

Kinyozi_Eldo
Muulize yeye. Mimi nanyoa.

NesiWaUsiku
Subirini. Msuli gani mmesema?

Gitaa_Bovu
Vastus lateralis.

NesiWaUsiku
Huo naujua kuliko nyinyi wote. Paja, upande wa nje. Ndipo tunapowachoma chanjo watoto wachanga, kuanzia wiki ya sita. Bado bega halina nyama ya kutosha.

Mwl_Fasihi
Wiki ya sita. Yaani kabla nyekundu haijamfikia vizuri.

Kinyozi_Eldo
Mteja ameondoka, nimerudi. Nesi, na wakichomwa wanalia kwa mapigo mangapi?

NesiWaUsiku
Moja, kimya. Moja tena. Baada ya hapo sihesabu, namrudisha kwa mama yake.