Mnaandika mashairi saa ngapi?

Wakuu, habari za saa hizi. Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, naishi Mbagala, watoto wawili. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku niko hoi. Zamani niliandika tarbia, yale mashairi ya mishororo (mistari) minne kila ubeti. Siku hizi daftari lile lile naandikia madeni ya misumari. Juzi nilipata mshororo mtamu kwenye daladala, nikasema nitauandika nikifika. Kufika, unga umeisha. Mshororo nao ukaenda zake. Nyie mnafanyaje?

Jibu la 1: Amka saa kumi, dada. Kimya kabisa.

Muuliza: Saa kumi nachota maji, kaka.

Jibu la 2: Usingoje kufika. Mimi wa bodaboda, kitu kikinijia nasimama pembeni najirekodi kwenye simu. Abiria wananuna, basi.

Jibu la 3: Tarbia yenyewe ni ya safarini. Mishororo minne, mizani (silabi) 16 kila mmoja, nane kwa nane. Unahesabu kwa vidole huku umeshika bomba. Tafuta vina kwanza, hoja itafuata. Foleni ya Mtoni kwa Azizi Ally ni ubeti mzima ule!

Muuliza: Nimejaribu jioni hii:

*Nyundo mimi naziuza, kwangu bati linavuja,*
*Wateja nawaliwaza, fundi wangu hajakuja,*

Wa tatu ulikuwa mdomoni, konda akanigonga bega anadai nauli.