Hisabati ya sekondari kwa mtoto anayesomea nyumbani: Khan Academy, vijitabu vya ACE, darasa la mtandaoni au mwalimu wa nyumbani?

mama_salma (Mombasa)

Assalaam aleikum, na hamjambo wazazi wenzangu. Binti yangu ana miaka 14, anasomea nyumbani tangu darasa la nne. Masomo mengine tunakwenda naye vizuri, lakini hesabu sasa zimenipita kimo. Anataka uhandisi, kwa hiyo si somo la kulibahatisha. Nimechunguza njia nne, nawawekea niliyoyaona ili mnisahihishe na mniongezee.

Khan Academy ni tovuti ya masomo ya bure, na mtoto anairudia video mpaka aelewe. Mpangilio wake ni wa Kimarekani: aljebra ya kwanza, jiometri, aljebra ya pili, kisha matayarisho ya kalkulasi. Salma anaipenda sana. Shaka yangu ni kwamba jibu linaandikwa kwenye kisanduku, mfumo unamwambia amepata au amekosa, na daftari linabaki jeupe.

ACE ni vijitabu viitwavyo PACE, 12 kwa kila somo kwa mwaka. Mtoto anasoma, anafanya zoezi, anasahihisha mwenyewe kwa kitabu cha majibu, halafu anafanya mtihani ambao asipofikisha asilimia 80 haendelei. Haihitaji intaneti. Maudhui yake yamejengwa juu ya Biblia, hivyo kwa nyumba yetu ya Kiislamu haikai sawa, ila naiweka hapa kwa faida ya wengine.

Darasa la mtandaoni la moja kwa moja, la IGCSE (mtihani wa kimataifa wa sekondari, wenye asili ya Uingereza), lina mwalimu na watoto wachache, vipindi viwili au vitatu kwa wiki, na ada ni ya muhula. Hili ndilo ghali kuliko yote nikihesabu na bando.

Mwalimu wa kuja nyumbani: niliyezungumza naye anataka shilingi 1,500 kwa saa. Ni mpole, anafundisha shule, lakini muda wake ni Jumamosi tu.

Nyinyi mmefanyaje?

mwalimu_wa_namba (Nakuru)

Mama Salma, kabla ya kuchagua njia, chagua mtihani. Njia zote nne zinafundisha hesabu, lakini si zote zinaelekea mlango mmoja.

KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa mfumo wa zamani wa Kenya wa 8-4-4, inafungwa, darasa la mwisho litaifanya 2027, kwa hiyo kwa umri wa Salma iache. Kama ni IGCSE, una bodi mbili kubwa, na kwa mtoto wa nyumbani tofauti yake inahesabika.

Cambridge (namba ya somo ni 0580) ina ngazi mbili, Core na Extended. Core mwisho wake ni gredi C hata mtoto akipata kila kitu. Mtoto wa uhandisi afanye Extended, bila mjadala. Tangu 2025 mtihani umebadilika: Extended sasa ina karatasi mbili za saa mbili mbili, alama 100 kila moja, na moja kati ya hizo haina kikokotoo. Vipeuo vya pili visivyotoka kamili, kama kuandika kipeuo cha 50 kuwa 5√2, vimo, na vilevile thamani kamili za sine na cosine za pembe kama 30, 45 na 60. Ukinunua kitabu cha zamani sokoni hayo hutayakuta, na ukitumia karatasi za mitihani ya kabla ya 2025 ujue zote ziliruhusu kikokotoo.

Edexcel ya Pearson (4MA1) ngazi ya Higher nayo ni karatasi mbili za saa mbili, alama 100 kila moja, lakini kikokotoo kinaruhusiwa zote mbili. Gredi zake ni za tarakimu, 9 ndiyo ya juu. Zote mbili zinagusa mwanzo wa kalkulasi, kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa moja ni ya watoto wadogo.

Uzuri wa hisabati ni kwamba haina maabara. Mtahiniwa wa kibinafsi anaingia, anaandika, anatoka. Fizikia na kemia zitakusumbua zaidi.

Sasa kuhusu lile daftari jeupe, umegusa penyewe. Soma mwongozo wa kusahihisha wa Cambridge, uko wazi mtandaoni. Utaona herufi M, A na B pembeni. M ni alama ya njia, A ni ya jibu linalotokana na njia hiyo, B inajitegemea. Kwenye swali la alama nne mtoto aliyekosea jibu anaweza kutoka na alama tatu, ila kwa sharti moja, kwamba njia yake imeandikwa. Mtoto aliyelelewa na kisanduku cha jibu hajui hata kuwa alama hizo zipo.

Mpe Salma maswali haya manne leo, kalamu na karatasi, bila kikokotoo, halafu tuletee alichoandika:

1. Rahisisha 3 − 2(x − 4).
2. Gawanya 2/3 kwa 4/5.
3. Shati limeuzwa shilingi 1,360 baada ya kupunguzwa bei asilimia 15. Bei ya awali ilikuwa ngapi?
4. Eleza kwa maneno kwa nini pembe za pembetatu zinajumlisha nyuzi 180.

mama_wa_watatu (Ruiru)

Naomba niitetee ACE kidogo kwa sababu watoto wangu wawili wamepitia humo. Kile kigezo cha asilimia 80 ni kitu kikubwa. Shuleni mtoto anapata 45 kwenye sehemu na darasa linasonga mbele, anabeba pengo lile hadi kidato cha nne. Kwenye PACE hasongi. Na kujisahihisha kunamfundisha ukweli, maana kitabu cha majibu kiko mezani na mzazi yuko jikoni.

Ila nitasema na upande wa pili. Kifungua mimba wangu alipohamia IGCSE, ilibidi tukae na orodha ya mada za mtihani tukiweka alama moja moja. Aljebra alikuwa imara kuliko wenzake wa shule. Vekta, uelekeo wa dira wa tarakimu tatu, mipaka ya juu na ya chini ya vipimo vilivyokadiriwa, na histogramu zenye madaraja yasiyolingana, hayo alianza upya. Na nadhani Khan Academy itakuacha na mengi ya mapengo hayo, kwa sababu zote mbili asili yake ni Marekani.

baba_neema (Dar es Salaam)

Kwa wa huku Tanzania wanaosoma uzi huu, njia ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, nayo ipo na ni ya bei nafuu. Mtoto ambaye hakupitia kidato cha pili shuleni anaanza na Mtihani wa Maarifa, yaani QT, akifaulu ndipo anafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Basic Mathematics ni lazima. Alama 75 kwenda juu ni A, na chini ya 30 ni F. Kila mwaka matokeo yakitoka ndilo somo linalowaangusha watoto wetu wengi kuliko mengine, kwa hiyo unafuu wa ada usimfanye mtu alegeze mkono.

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Neema anasoma humo na Khan Academy anaitumia kama mwalimu wa ziada pale kitabu kinapokwenda mbio. Bando likiwa tatizo, tafuteni programu ya Kolibri: unapakua masomo, yakiwemo ya Khan Academy, ukiwa penye intaneti nzuri, baadaye mtoto anasoma bila mtandao kabisa.

Na anayefanya IGCSE hapa nchini akitaka kuendelea kwenye mfumo wa taifa, NECTA ndio wanaolinganisha vyeti. Fuatilia mapema, usisubiri barua ya chuo.

bintiali (Muscat)

Mama Salma, sisi tuko kwenye darasa la mtandaoni mwaka wa pili sasa. Hapa Muscat foleni ya shule za Kiingereza na ada zake ndivyo vilivyotusukuma. Nitakwambia tulichojifunza kuuliza kabla ya kulipa, maana matangazo yote yanafanana.

Uliza watoto ni wangapi darasani. Wakizidi kumi na mbili hivi, mtoto mkimya anapotea, na mwanangu ni mkimya. Uliza kazi ya nyumbani inasahihishwa na nani, mwalimu au mfumo. Hili ndilo kubwa. Darasa la kwanza tulilojiunga lilikuwa na mwalimu hodari wa kueleza, lakini mazoezi yote yalikuwa ya kuchagua jibu, mashine inahesabu. Tukahama. Hili tulilonalo sasa, mtoto anapiga picha ukurasa wa daftari, mwalimu anaurudisha na kalamu nyekundu juu yake: hapa umesahau kubadilisha alama ya kutoa, hapa umerukia hatua. Ada yake haizidi ya lile la kwanza.

Uliza pia kama wanakuandikisha mtihani. Mengi hayafanyi hivyo. Yanafundisha tu, kituo unajitafutia.

kaka_minneapolis (Minnesota)

Salaam kutoka kwenye baridi. Kwetu mambo ni tofauti kidogo, lakini labda yatamfaa Mswahili mwingine aliyeko Marekani. Huku hakuna mtihani mmoja wa mwisho. Mzazi mwenyewe ndiye anayeandika orodha ya masomo na alama, na chuo kinataka ushahidi wa nje kwamba alama hizo ni za kweli. Kwa hesabu ushahidi huo ni SAT (mtihani wa kuombea chuo), mtihani wa AP wa kalkulasi (wa ngazi ya chuo) unaofanywa mwezi Mei kwenye shule itakayokubali kumpokea mtoto wako, au masomo ya chuo chenyewe.

Hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoichagua. Minnesota ina mpango uitwao PSEO tangu 1985: kijana wa darasa la 11 au la 12, wa nyumbani pia, anasoma chuoni na ada na vitabu vinalipwa na jimbo. Kijana wangu alisoma kwa vitabu vya Saxon mpaka aljebra ya pili, kisha akaingia chuo cha jamii kwa somo lililofuata. Saxon si kitabu cha kuvutia macho. Kila somo kinaongeza kitu kidogo kipya, halafu kuna maswali kama thelathini yaliyochanganya ya leo na ya miezi iliyopita. Kwa mtoto anayesahau haraka sijaona cha kukizidi. Kwa mtoto anayependa kuzama kwenye mada moja kitamchosha, huyo mpelekeni kwenye vitabu na tovuti ya Art of Problem Solving. Maswali yao ni magumu kwelikweli, na mazoezi ya Alcumus ni ya bure.

mama_salma (Mombasa)

Nawashukuru nyote, nimesoma kila neno. Mwalimu, haya matokeo. La kwanza kaandika 11 − 2x. La pili 5/6, na kaonyesha kugeuza. La tatu kaandika 1,564. La nne kasema "ndivyo ilivyo".

mwalimu_wa_namba (Nakuru)

Mama, hizo ni habari nzuri. La kwanza linawaangusha wengi, huandika −2x − 5 kwa kusahau kuwa kutoa mara kutoa ni kujumlisha. Mikono yake ni mizuri.

La tatu, Salma amechukua asilimia 15 ya 1,360 na kuiongeza. Lakini punguzo lilikatwa kwenye bei ya awali, ambayo hatuijui. 1,360 ni asilimia 85 ya bei hiyo, kwa hiyo gawanya kwa 85 uzidishe kwa 100, unapata 1,600. Usimwambie jibu. Mwambie achukue 1,564 yake apunguze asilimia 15 aone kama atarudi 1,360. Hatarudi, na kutoka hapo atajitafutia mwenyewe.

La nne mpe mkasi. Achore pembetatu yoyote, akate pembe zake tatu, azipange pamoja kwenye mstari ulionyooka. Kisha mwulize: je, huo ni uthibitisho kwa kila pembetatu, au kwa hiyo moja tu aliyoikata? Akishahisi kwamba haitoshi, mchoree mstari unaopita kwenye ncha ya juu, sambamba na kitako, umwache nao. Mhandisi anahitaji hilo swali la pili kuliko kanuni yenyewe.

Kwa hiyo Salma hana shida ya kukokotoa. Anahitaji mtu wa kumwuliza "kwa nini", na wa kusoma daftari lake. Video haitamfanyia hivyo.

mama_salma (Mombasa)

Basi nimeamua hivi. Khan Academy inabaki kwa ajili ya kujifunza mada mpya siku za wiki. Darasa la mtandaoni naliacha mwaka huu. Fedha hiyo naielekeza kwa yule mwalimu wa Jumamosi, lakini nitamwomba asifundishe mada. Saa zake mbili zote azitumie kusahihisha daftari la wiki na kumhoji. Ataniambia hajazoea kazi hiyo, nitamwonyesha uzi huu. Extended ya Cambridge, kikao cha Mei na Juni mwaka kesho kutwa.

Swali moja limebaki: kwa mada zile alizozitaja mama wa Ruiru, ambazo huenda Khan Academy inaziruka, mnasomesha na nini?

mama_wa_watatu (Ruiru)

Corbettmaths, dada. Ni ya Uingereza, ya bure, kila mada ina video fupi na karatasi ya maswali ya kuchapisha yenye nafasi ya kuandikia njia. Pakua orodha ya mada za 0580 kutoka Cambridge kwenyewe, ya mwaka atakaofanya mtihani, uibandike ukutani. Na kituo cha mtihani kitafute mwaka huu huu, usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani na vituo vingine hujaa watahiniwa wa kibinafsi mapema. Ukifika uulize pia kama wanapokea watoto wa nyumbani kwa fizikia, usije ukalazimika kuhamia kituo kingine.