Blauzi yangu ya kwanza imepinda baada ya kufuliwa. Niendelee kushona?

MwanzoWaUzi ameuliza:

Habari zenu wote. Naomba mnivumilie, swali langu ni refu kidogo.

Huu ni mwezi wa pili sijanunua nguo dukani. Asubuhi moja nilikuwa natafuta cha kuvaa kazini, nikahesabu blauzi 14 kabatini, na katika hizo ni 3 tu ningeweza kutoka nazo. Nyingine zimeota vidonge vya nyuzi kifuani, mishono ya kwapani imeachia, na moja ilidondosha kishikizo siku ya kwanza kuivaa. Katika za dukani hakuna iliyofika miaka 2. Iliyo nzima kuliko zote ni ile aliyonishonea shangazi nikiwa bado shuleni. Nikaenda kumwomba cherehani yake.

Nimeshona blauzi ya pamba isiyo na kola, mikono mifupi, vishikizo 5 mbele. Imenichukua Jumamosi 3. Siku niliyoimaliza niliivaa ndani ya nyumba mpaka usiku, nikawa napita mbele ya kioo kila nikipata sababu. Kisha nikaifua. Imerudi, imekuwa fupi kwa upana wa vidole viwili, na mshono wa ubavu wa kushoto umezunguka hadi karibu na kitovu. Dada yangu kaniambia waziwazi kwamba kwa muda ule ningekuwa nimeshanunua nne.

Nimekosea wapi? Na kwenu mnaoshona siku zote, mnafanyaje muda usiwashinde? Nataka kweli kuvaa nguo ninayojua imetoka mikononi mwa nani. Lakini Jumamosi 3 zimeniuma.

Kroshe_Usiku amejibu:

Pole, dada. Mimi sishoni, nafuma, na kosa lako nalijua kwa jina lingine. Sweta langu la kwanza lilinitoka kubwa kwa sababu sikufuma kipande cha majaribio. Maelekezo yalitaka vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, mkono wangu ukatoa 20. Unaona ni vitanzi 2 tu. Sasa piga hesabu kwa vitanzi 200: badala ya sentimita 91 nilipata 100. Siku hizi nafuma kipande, nakifua, nakikausha, ndipo napima.

Jambo moja nililojifunza baadaye ndilo lililonibakiza kwenye ufumaji. Kufuma kwa sindano mbili kulipata mashine tangu 1589, pale William Lee wa Uingereza alipobuni ya kufumia soksi. Kroshe halisi haina mashine mpaka leo. Kwa hiyo ukiona kizibao cha kroshe dukani kinauzwa kwa bei ya kutupa, kuna mtu amekaa na ndoano mkononi kwa saa nyingi akakifuma kitanzi kwa kitanzi. Mimi ninajua kizibao kinachukua jioni ngapi. Siwezi tena kuvinunua.

FundiSubana amejibu:

Mwanangu, hiyo blauzi usiitupe.

Tuanze na makosa maana yanatibika. Pamba hufuliwa kabla ya kukatwa, na uifue vilevile utakavyokuja kuifua nguo. Kiwandani kitambaa huvutwa na kunyooshwa kinapofumwa na kinapomaliziwa, kikipata maji kinarudia hali yake. Acha kirudi kikiwa bado kitambaa.

Kupinda ni habari ya mtande. Mtande ni zile nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo uliofumwa, ule usiofumuka. Mshindio ndio unaozikatiza. Kwa upande wa mtande kitambaa hakivutiki sana, kwa mshindio kinavutika kidogo, ukikikata mshazari kinavutika kweli. Nadhani kipande chako cha mbele kililala upande kidogo, na nguo ikishafuliwa haijui kuficha. Kwenye patani, ile karatasi unayokatia, kuna mshale. Pima kwa futi kutoka kila ncha ya mshale hadi ukingoni, vipimo viwe sawasawa kabisa, ndipo utie pini. Jicho usiliamini hapa, hata langu siliamini.

Sasa la dada yako. Nilifanya kazi kiwanda cha nguo miaka 6, na katika hiyo, miaka 4 nilishona mfuko wa kifuani wa shati la kiume. Mfuko tu. Kunja juu, laza kwenye alama, shona pande tatu, mpe wa pembeni. Shati zima nililiona likiwa limevaliwa na watu njiani. Ndiyo maana watu wakisema "nguo za mashine" moyo wangu unakataa. Mashine haijishonei. Kitambaa ni laini, kinateleza, lazima vidole vikiongoze chini ya sindano, na kila nguo mliyovaa leo imeongozwa na mtu. Tofauti ninayoijua mimi ni muda. Wewe ukikosea unafumua. Sisi kufumua kulihesabiwa uzembe, mafungu yalikuwa yanarundikana mezani, kwa hiyo mshono ulioruka tuliupitisha. Kishikizo chako kilichodondoka siku ya kwanza, usimlaumu aliyekishona. Hakuwa na nafasi ya kufunga uzi.

Nilikuwa bado huko tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lilipoanguka Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Ghorofa 8. Walikufa watu 1,134. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka yaliyokuwa chini yalifungwa, washonaji wakaambiwa warudi kwenye cherehani zao. Sikumfahamu hata mmoja wao, lakini niliwalilia kama ndugu, kwa sababu kazi yao niliijua kwa vidole. Mwaka uliofuata niliacha, nikaanza kushonea nyumbani.

Kwa hiyo Jumamosi 3 si nyingi. Blauzi ya kwanza ni masomo. Ya nne utaimaliza kwa Jumamosi moja, na wakati huo mkono utakuwa unajua wenyewe pa kushika. Ila usijitwishe kabati zima. Soksi nunua, koti la mvua nunua. Shona kile unachokivaa kila wiki.

Na nifanyie jambo moja: ichukue ile blauzi ya shangazi, uigeuze nje ndani, uangalie mishono. Njoo utuambie umeona nini.

Kiraka amejibu:

Mimi sina cherehani wala Jumamosi, nina watoto wadogo 3. Ninachofanya ni kurekebisha. Sindano ya mkono, uzi mzuri, nusu saa watoto wakilala. Kwapa zilizoachia zote zinashonekana tena, nyuma-mbele nyuma-mbele, hatua fupi. Dada, kabla hujaongeza blauzi ya 15, zile 11 umezipa nafasi?

Na ukienda kununua kitambaa, omba nyuzi chache ukazichome nyumbani juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta inayeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi. Muuzaji anaweza kukosea, moto haukosei.

MwanzoWaUzi amejibu:

Shikamoo mama FundiSubana. Ahsanteni wote.

Nimeigeuza. Nilidhani nimekosea upande, kwa sababu ndani ni safi kama nje. Hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia. Nikampigia shangazi akanieleza: alishona kwanza mshono mwembamba upande wa nje, akapunguza kingo, akageuza, akashona tena, kwa hiyo kingo zote zimefungiwa ndani. Pindo la chini ameacha sentimita 4 zimekunjwa na kushonwa kwa mkono. Nikamuuliza kwa nini nyingi hivyo. Akasema, "Ulikuwa bado unakua." Nilikaa nayo mapajani muda mrefu.

Kiraka, umenigusa pabaya. Nimezitoa zile 11. Sita zinashonekana, nimeanza na ya kishikizo.

Yangu iliyopinda nimefumua ubavu wa kushoto usiku huu. Nimepima kama mlivyosema: ncha ya juu ya mshale ilikuwa sentimita 21 kutoka ukingoni, ya chini 18 na nusu. Kipande cha mbele hakiokoki, lakini mgongo umelala sawa na mikono iko salama. Kitambaa kilichobaki kinatosha kukata mbele upya. Nimekiloweka.