DataLoader inakufa kwa "Bus error" ndani ya Docker, na RAM bado ipo

mfinyanzi_data:
Wakuu, habari za kazi. Nafundisha modeli ya picha kwa PyTorch ndani ya kontena. Bechi ni picha 64, na DataLoader (kipakiaji data cha PyTorch) ina michakato 4 ya kuandaa bechi, `num_workers=4`. Bechi ya kwanza haijafika kwenye GPU, tayari:

`RuntimeError: DataLoader worker (pid 87) is killed by signal: Bus error.`

`free -h` inaonyesha GB 20 ziko wazi. Nikiweka `num_workers=0` inakwenda, ila kwa kujikokota. Memori inaishia wapi?

kernel_pwani:
Mkuu, angalia `/dev/shm`, si RAM yote: hiyo ni sehemu ya memori ya kushirikiana, ambamo michakato ya DataLoader hupitishia bechi. Usipoiagiza vingine, Docker huipa kontena MB 64 tu. Endesha `df -h /dev/shm` humo ndani kazi ikiendelea.

Piga hesabu: picha ya 3×224×224 kwa float32 (baiti 4 kwa kila namba) ni baiti 602,112, hivyo bechi ya 64 ni kama MB 38.5. Kila mchakato huandaa bechi 2 mapema. 4 × 2 ni bechi 8, takriban MB 308. Haziingii. Linux hukubali faili ya tmpfs (mfumo wa faili ulio kwenye memori, kama `/dev/shm`) itajwe ukubwa wowote, nafasi hutafutwa data inapoandikwa. Ikikosekana, kernel hutuma SIGBUS (ndiyo hiyo "Bus error"), ndiyo maana huoni ujumbe wa kawaida wa kuishiwa memori.

Futa kontena, uiunde upya kwa `docker run --gpus all --shm-size=2g ...`. `docker restart` haibadilishi kitu. Kwenye Compose ni `shm_size: "2gb"`.

mama_tensa:
Punguza na mzigo wenyewe: toa picha zikiwa uint8 (baiti 1 kwa kila namba), ugawanye kwa 255 kwenye GPU. Bechi inashuka hadi MB 9.6. Hata hivyo bechi 8 ni MB 77, kwa hiyo `--shm-size` bado unaihitaji. `--ipc=host` (kontena itumie `/dev/shm` ya seva yenyewe) nayo inatibu, ila kwenye seva ya watu wengi siishauri kabisa, mnachangia `/dev/shm` moja.

mfinyanzi_data:
Kweli, df ilisoma 100%. Kwa 2g inakwenda, lakini baada ya epoki (mizunguko kamili ya data) kadhaa: `Too many open files`.

kernel_pwani:
Hilo ni jingine. Kwenye Linux, kila tensa (safu ya namba) inayotoka kwenye michakato ya DataLoader hushikilia faili wazi. Je, unakusanya lebo kwenye orodha?

mfinyanzi_data:
Ndiyo, `lebo.append(y)`.

kernel_pwani:
Andika `lebo.append(y.clone())`, ile ya asili iachiliwe. Tatizo likibaki, ongeza kikomo cha faili wazi kwa `--ulimit nofile=65535:65535`. `set_sharing_strategy('file_system')`, inayobadili njia ya michakato kushirikiana tensa, iwe ya mwisho: programu ikifa vibaya, mabaki yanaweza kubaki `/dev/shm` yakila nafasi.