Tupeane uzoefu: "steringi halii" ilikufanyia nini?

Wakuu, salaam. Uzi huu naomba uwe wa visa vya kweli, vilivyokupata mwenyewe. Picha za mapigano tulizokua nazo zilitufundisha mwanaume ni nani: ni steringi, yule shujaa wa picha; halii, haombi msaada, akipigwa risasi ya bega anajifunga kitambaa na kusonga mbele. Nianze mimi.

Mwanangu, miaka saba, alikuwa na machozi ya karibu. Kila akianguka nilimwambia, "Nyamaza, steringi halii." Akawa ananyamaza kweli, nami najisifu. Siku moja alirudi kucheza akavaa sweta la mikono mirefu, akala kwa mkono wa kushoto. Sikushtuka. Kesho yake vilevile. Usiku mama yake alipomvua amwogeshe, akakuta kifundo cha mkono kimevimba, ngozi imevutika hadi inang'aa. Mfupa ulikuwa umevunjika. Daktari akamuuliza, "Mbona hukusema?" Mtoto hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

Baada ya hapo niliirudia First Blood ya 1982, ile Rambo ya kwanza. Nilikuwa nakumbuka kisu, msitu na helikopta. Dakika za mwisho nilishazisahau kabisa: Rambo amekaa chini analia kwa kwikwi, anamsimulia kanali wake wa zamani habari za rafiki aliyemfia Vietnam, na kanali anamkumbatia. Kumbe steringi alilia. Sisi ndio tulikuwa tumeshainuka.

*

Pole mkuu, na pole kwa kijana. Mimi ni mwanamke. Tulipokuwa tunaigiza sinema utotoni, kazi yangu ilikuwa kutekwa. Nafungwa kamba kwenye mti, nasubiri. Siku moja wavulana waligombana, wakatawanyika, wakanisahau. Fundo lilikuwa legelege, ningelifungua kwa meno. Sikulifungua. Nilikaa pale mpaka giza likaanza kuingia, kwa sababu aliyetekwa hajifungui mwenyewe, ndivyo tulivyoona kwenye picha zote.

Nikiwa mtu mzima niliiona Alien ya 1979. Ripley, mwanamke, anabaki peke yake kwenye chombo cha anga za juu, anajiokoa yeye na paka wake. Nilitoka nje kupunga upepo, mikono inatetemeka. Hadi leo kwenye vikao vya kazi najikuta nasubiri mtu mwingine aseme jambo ninalolijua mimi.

*

Mleta mada, nikupinge kidogo. Mimi sikulelewa na baba. Steringi ndiye aliyenifundisha kwamba mwenzako akiumia unarudi kumchukua. Nikiwa sekondari, wakubwa walimvamia mdogo wangu, nikasimama katikati. Nilipigwa sana, lakini nilisimama, na sijutii. Kwa hiyo tusiwatupe wote.

Kilichoniponza ni kingine. Picha inaisha steringi akishampata mwanamke. Hakuna aliyenionyesha kesho yake asubuhi. Nilioa nikiwa najua kumtetea mke wangu mbele ya watu, sijui kumwambia "nimekosa" tukiwa wawili. Ilinichukua miaka.

*

Kwangu ilikuwa nywele. Mke wangu alilazwa karibu mwezi mzima, nikabaki na binti yetu. Asubuhi ya kwanza nilishika kitana kama mtu aliyeshika nyoka. Njia ya katikati ya kichwa ikaenda kombo, mtoto analia, mimi nafoka. Ndugu wakanishauri nitafute mwanamke wa kuja kusaidia, eti hiyo si kazi yangu.

Ni kama Kramer vs. Kramer ya 1979. Asubuhi ya kwanza bila mama, Dustin Hoffman anamtengenezea mwanawe mkate wa mayai, anauharibu, anaungua, anatukana. Karibu na mwisho baba na mtoto wanautengeneza tena kimyakimya, kila mmoja anajua zamu yake. Wiki ya tatu binti yangu aliniletea kitana mwenyewe, akakaa katikati ya magoti yangu, akainamisha kichwa kabla sijasema kitu. Mama yake alipotoka hospitali, mtoto alikataa kusukwa na mtu mwingine.

*

Mleta mada tena. Mkuu wa kesho yake asubuhi, nimekuelewa sana, na sikatai, hata mimi yapo mazuri niliyochukua kwao.

Kijana plasta imeshatolewa. Juzi alijikwaa mlangoni, akaanguka, akanitazama kwanza. Nikamwambia, "Inauma, eh? Njoo." Alilia mpaka shati langu likalowa begani.

Wengine endeleeni, nasoma yote.