Ameweka kikombe cha chai juu ya wasifu wangu, na nyote mnamjua

Imeandikwa na MwavuliWaSheli

Wakuu, nimetoka kwenye usaili nusu saa iliyopita, nimekaa kituoni Posta na daladala la nne limenipita, kwa kuwa mikono inanitetemeka na siwezi kupanda gari kabla sijalisema jambo hili. Yule bwana ameweka kikombe cha chai juu ya wasifu wangu. Hakukiweka pembeni yake wala juu ya bahasha. Alikiweka juu ya ukurasa wa kwanza, mimi nikiwa nimekaa mbele yake nimefunga tai, kisha akaendelea kuzungumza na simu. Sina haja ya kumtaja jina. Kila aliyewahi kuomba kazi ya kuuza bima katika jiji hili anamjua: yule mwenye kiti kinachozunguka na kalamu tatu mfukoni, ambazo tangu zinunuliwe hakuna aliyewahi kumwona akiandikia hata moja.

Niliuandika wasifu ule usiku wa siku nne mfululizo, baada ya kufunga meza yangu ya uwakala wa bima iliyo chini ya mwavuli karibu na sheli. Nilifuta dini, hali ya ndoa na jina la shule ya msingi, kwa sababu havijawahi kumuuzia mtu bima yoyote. Nilifuta pia ile sentensi ya kwamba ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa, sentensi ambayo imo katika wasifu wa kila kijana wa nchi hii tangu steshenari zianze kutunza nakala moja na kubadilisha majina tu. Mahali pake niliweka hesabu za kazi yangu. Mwaka jana nilikuwa na wateja 212 wa magari, na kati yao 171 walirudi kuhuisha bima zao kwangu. Bima ndogo ya gari binafsi, ile inayowalipa wengine uliowagonga tu, ni shilingi 118,000 pamoja na kodi, ukiinunua kwangu au kwa jirani yangu. Kwa hiyo mteja anayerudi mwaka wa pili harudi kufuata bei, anarudi kwa sababu alipogongwa usiku na kunipigia simu niliipokea, nikaenda naye polisi kufuata ramani ya ajali, na nikafuatilia madai yake mpaka akalipwa fidia.

Mstari uliofuata ndio nilioupenda kuliko yote. Gari la shilingi milioni 20, likikatiwa bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, kwa asilimia 3.5 ya thamani yake, linalipiwa 700,000, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani inakuwa 826,000. Kumfanya mtu aliyezoea kutoa 118,000 atoe 826,000 kwa hiari yake, na asijute, ndiyo kazi yenyewe ya kuuza bima. Mengine yote ni kujaza taarifa za gari. Niliandika kwamba nimewahamisha wateja 34 kutoka bima ndogo kwenda bima kubwa. Nilipiga mstari chini ya hiyo 34.

Kikombe kilitua juu ya 34.

Alipokiinua ili anywe, niliona duara la chai limeizunguka ile namba, nikajua kwamba sasa angalau ataisoma. Hakuisoma. Alikunywa funda moja, akakirudisha kikombe palepale, juu ya duara lilelile, kama mtu anayelenga. Kisha akaniuliza: "Una ndugu wangapi walioajiriwa?" Nikamwambia kwamba takwimu za wateja wangu zipo hapo mbele yake, chini ya kikombe. Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyeupe isiyo na doa, akaniagiza niandike majina 100 ya ndugu, majirani na watu ninaosali nao, pamoja na namba zao za simu, kwa sababu hao ndio watakaokuwa wateja wangu wa mwanzo.

Karatasi ile tupu hakuiwekea kikombe. Aliipangusa kwa kiganja kabla ya kunipa! Wasifu wenye jasho la miaka sita ulikuwa kisahani, na karatasi tupu ilikuwa mali. Sikuandika hata jina moja. Nimeondoka na wasifu wangu, ninao hapa mapajani, na lile duara bado halijakauka.

MzeeWaStika
Pole sana ndugu yangu. Bwana huyo ninamfahamu, na yaliyokupata wewe ni heshima kubwa ukilinganisha na yangu, kwa maana mimi alijipepea wasifu wangu tangu nilipoingia mpaka nilipotoka, kwa kuwa feni ya ofisi ilikuwa imeharibika. Nilikuwa nimeweka kurasa tano, naye alisema zinaleta upepo mzuri.

BintiChumbageni
Kaka, usinichukie, lakini nitakwambia ukweli. Umeandika kwamba unaweza kumshawishi mtu atoe 826,000 badala ya 118,000. Mtu huyohuyo ameshindwa kumwomba msaili asogeze kikombe? Ulikuwa na mteja mbele yako na bidhaa ikiwa mezani, ukanyamaza kimya kama mwali. Mimi ningekuwa msaili, nisingeiamini hiyo 34 hata ungeipiga mistari mitatu.

MwavuliWaSheli
Dada, mimi sikwenda pale kumuuzia bima ya kikombe. Alikiweka mara mbili. Mara ya kwanza mtu anaweza kupitiwa. Mara ya pili alikuwa ameshaiona karatasi, ameliona duara, akakiweka palepale.

MpwaWaShangazi
Tuache habari za kikombe, tuzungumzie hiyo karatasi ya majina 100, kwa sababu mimi niliijaza. Ilikuwa kampuni nyingine, ya bima ya maisha, na nilijaza majina 104 ili nionekane hodari. Miezi mitatu ya mwanzo nilivuka malengo, kwani shangazi, wajomba na kwaya nzima walikata bima kwa kunionea huruma. Mwezi wa nne ndugu wakaisha. Mwezi wa tano wakaacha kulipa ada, bima zikafa, na mimi nikaondolewa kwa kukosa wateja. Kampuni ilibaki na namba za simu za ukoo wangu wote, na shangazi hajapokea simu yangu mpaka leo. Sasa katika wasifu wangu niandike kwamba niliuza bima 40, au niandike kwamba zote 40 zilikufa?

BintiChumbageni
Andika zilizobaki hai, hata ikiwa ni mbili. Anayeijua kazi hii atakuuliza waliohuisha kabla ya kukuuliza waliokata, na hapo ndipo ninapokubaliana na mwenye uzi.

NahodhaWaKibaoni
Nimewahi kusimamia timu ya mauzo, na ninaomba niseme upande wetu, kwa kuwa nasi tunaumizwa. Wasifu ninaoletewa husema mtu ni wakala mwenye uzoefu, nikimwuliza kuhusu leseni inayotolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima anasema ilikuwa ya bosi wake. Kufagia ofisi ya wakala hakukufanyi wewe kuwa wakala. Andika kwamba ulikuwa karani wa wakala, andika kwamba ulikuwa ukiingiza taarifa za magari na kuwakumbusha wateja tarehe za kuhuisha. Hiyo ni kazi ya heshima na mimi nitakuajiri kwa hiyo. Na mnaotaja madai, msiseme "nilishughulikia madai" halafu mkaishia hapo. Yalikuwa mangapi, ya aina gani, na mangapi yalilipwa?

KidatoChaNne2009
Mkuu Nahodha, wewe unalalamikia leseni, mimi ninayo na nimeshafanya kazi hii miaka mingi, lakini tangu benki ziruhusiwe kuuza bima kila tangazo linataka shahada. Vijana wenye shahada wanaajiriwa, kisha wananipigia mimi simu kuniuliza tofauti ya bima kubwa na bima ndogo. Wasifu wangu hauwekewi kikombe, maana hata mezani haufiki.

MamaWatano
Ninyi nyote mnalia kwa mambo madogo. Steshenari niliyokwenda walichukua wasifu wa mteja wa jana, wakabadilisha jina na anwani, wakanichapishia nakala kumi, na mimi nikazisambaza kampuni kumi bila kusoma ukurasa wa mwisho. Wadhamini walikuwa ni wa yule mteja wa jana. Kampuni moja ikampigia simu mdhamini wa kwanza, naye akajibu kwa nguvu zote kwamba hanijui, hajawahi kunisikia, na kwamba huenda mimi ni tapeli. Kwa kazi ya kupokea fedha za watu!

MzeeWaStika
Mama, mimi waliniachia namba ya simu ya mtu mwingine kabisa. Nilikaa mwezi mzima nikisubiri kuitwa, kumbe aliitwa yeye, akaenda, akaajiriwa. Alikuwa fundi friji. Anauza bima mpaka sasa.

MpwaWaShangazi
Ndiyo maana mimi ninakwenda na wasifu wangu katika flashi, wao wachapishe tu na wasiguse kitu.

MamaWatano
Flashi yangu ilirudi na virusi, na barua zangu zote za maombi zikageuka alama za kuuliza. Bora niandike kwa mkono.

NahodhaWaKibaoni
Usiandike kwa mkono, mama. Utume kwa baruapepe kutoka kwenye simu yako, na kwanza ubadilishe jina la faili. Wiki iliyopita nilipokea wasifu kumi na mmoja, na mafaili yote yaliitwa "wasifu mpya wa mwisho kabisa".

KidatoChaNne2009
Na hao wa steshenari siku hizi wanatoza kiasi gani kwa ukurasa? Mtaani kwetu wamepandisha tena.