Tupeane uzoefu: video za nyumbani zinazogoma kwenye TV

MwanaKorogwe
Wakuu, jana ukoo mzima tumekaa sebuleni tutazame harusi ya dada yangu. Nachomeka flashi, jina la faili linaonekana, nikibonyeza TV inasema haitambui. Kwenye laptopu linafunguka vizuri tu. Najua wengi yamewakuta. Mlifanyaje?

Fundi_Tabata
Tuambie kwanza jina la faili linaishia na nini. MKV? MOV? MTS? Huo mwisho ni kasha tu. Ndani kuna kodeki, yaani namna data ilivyobanwa, moja ya picha na moja ya sauti, na TV inaweza kugomea chochote kati ya hivyo. Sauti inasikika ila picha hamna, mara nyingi ni H.265, kodeki mpya ya picha, kwenye TV ya zamani. Salama yako ni kasha la MP4 lenye picha ya H.264 na sauti ya AAC. Shusha HandBrake, programu ya kugeuza video, ni ya bure.

Mama Nasra
Mmenitonesha kidonda.

Bibi mzaa mama alifariki 2011. Sauti yake imebaki sehemu moja tu, video niliyomrekodi kwa Nokia akiwa uani Pangani, anapepeta mchele huku anamwimbia Nasra. Faili la 3GP, kapicha ka 176 kwa 144. Siku ya kumsomea dua ndugu wamekuja mpaka kutoka Mombasa, nikaona niwaonyeshe. Bibi akatokea, ungo unakwenda, mdomo unacheza, sauti hakuna! Mjomba kashika rimoti anaongeza mpaka mwisho, kimya. Mama akaangua kilio.

Kesho yake nikapeleka flashi kwa kijana mmoja anayechoma CD. Akanipa MP4, picha ameivuta ienee TV nzima mpaka sura ya bibi imekuwa vibox vibox, sauti bado hamna, na lile faili la mwanzo kalifuta eti flashi ilikuwa imejaa. Miguu iliniisha nguvu, nikakaa pale pale barazani kwake.

Mungu mkubwa, memori kadi ya ile simu mama alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga kabatini. Mpwa wangu akaikagua, akakuta sauti imerekodiwa kwa AMR, ile ya simu za zamani, TV nyingi haziijui. Akaigeuza AAC kwa FFmpeg, programu ya kugeuza video kwa kuandika amri, picha akaiacha na udogo wake. Tulipoiwasha tukasikia mpaka jogoo wa jirani.

Zaituni_B
Dada, nimelia. Nasra alisikia anavyoimbiwa?

Mama Nasra
Alisikia. Sasa anauimba wote.

Kidume_wa_Data
Pole mama. Ila hiyo HandBrake inawachosha bure, inasaga video upya masaa. Tumieni FFmpeg, andikeni amri hii:
ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4
Fasta, na ubora haushuki hata kidogo.

Fundi_Tabata
Usipotoshe watu. Hapo umebadilisha kasha tu. Kama ndani ni H.265, TV itagoma vilevile.

Kidume_wa_Data
Nilimaanisha kama kodeki ziko sawa.

Fundi_Tabata
Hukuandika hivyo. Soma tena.

Shangazi wa Ilala
Nyie gombaneni. Mimi nachomeka waya wa HDMI kutoka kwenye laptopu, tunatazama, tunakula ubwabwa.

Seif wa Muscat
Wenye ndugu wanaotuma video za iPhone: tangu iOS 11 ya 2017 simu nyingi za iPhone zinarekodi H.265. Mwambieni aingie mipangilio ya kamera, kwenye fomati achague ile inayokubaliwa na vifaa vingi. Mtajiokolea kazi.

Zaituni_B
Yangu haifiki hata kwenye TV. Faili ni GB 6, flashi ina nafasi ya GB 32, ila inakataa kunakili.

Fundi_Tabata
Hiyo flashi imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, haibebi faili moja linalofika GB 4. Ifomati upya kwa mfumo wa exFAT, lakini hamisha vilivyomo kwanza, na hakikisha TV yako inaisoma exFAT. Isiposoma, punguza faili. Na wenye DVD za harusi, msinakili VOB, yale mafaili ya video ya ndani ya DVD, moja moja. Fungueni folda zima la VIDEO_TS kwenye HandBrake.

MwanaKorogwe
Nimeangalia taarifa za kodeki kwenye VLC, programu ya kuchezea video. Ni MOV, picha H.264, sauti PCM, yaani isiyobanwa. Mpiga picha alitumia kamera kubwa ya Canon.

Kidume_wa_Data
Basi picha usiiguse, geuza sauti tu:
ffmpeg -i harusi.mov -c:v copy -c:a aac harusi.mp4

Fundi_Tabata
Hapo nakuunga mkono.

Mama Nasra
Na lile la mwanzo liweke mahali pawili, nakusihi.

MwanaKorogwe
Imekubali! Shangazi zangu wanashangilia kama ndiyo bibi harusi anaingia ukumbini leo. Asanteni sana, wote wawili.

Babu Tunu
Wanangu, mimi yangu iko kwenye mkanda wa VHS. Naanzia wapi?